Makabidhiano kwenye Runinga ya Sita

Katika chumba cha gemu cha Shangazi kulikuwa na runinga sita, na tano kati yake zilikuwa za kelele. Kwenye hizo tano watu walicheza mpira, walishindanisha magari, walipigana ngumi, na walitupiana matusi madogo madogo ambayo Shangazi aliyaruhusu mradi yasimguse mama wa mtu. Runinga ya sita ilikuwa pembeni, nyuma ya pazia zito la rangi ya kahawia, na huko hakuna aliyepiga kelele. Huko watu walikwenda kuogopa, tena kwa utaratibu.

Shangazi hakuwa shangazi wa wote hao. Mpwa wake mmoja ndiye aliyemwita hivyo siku ya kufungua, mtaa ukalidaka jina, nalo likamganda. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mwenye miwani ya kufungwa kwa kamba na rovu shingoni, ukubwa wa limau, ambalo alilifunika kwa skafu hata siku za joto. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa mitambo ya kusukuma maji. Kazi yake ilikuwa kukaa na pampu nne, kuzisikiliza zinavyonguruma, kusoma mishale ya geji, na kuandika. Mitambo ilipofungiwa vifaa vya kujiendesha yenyewe, wahudumu walipewa mkono wa kwaheri. Wenzake wakaenda kufuga. Yeye akatafuta runinga na mashine za gemu.

"Nimezoea kukaa na vitu vinavyonguruma," aliwaambia waliomshangaa. "Kuku wangenishinda."

Alikuja na tabia zake zote za kule. Kila pedi, kile kidude chenye vitufe ambacho mchezaji hukishika mikononi, ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, na ilifutwa kwa pamba na spiriti kila mchezaji alipoinuka. Waya zilifungwa ukutani kwa mstari. Viti vilirudishwa mahali pake. Mtu akimwaga soda hakufokewa, alipewa tambara tu, na Shangazi alisimama pembeni akimtazama anavyofuta mpaka mtu mwenyewe anajuta kwa nini alizaliwa na kiu.

Gemu la runinga ya sita lilikuja ndani ya mashine iliyokwisha tumika, Shangazi mwenyewe hakuliomba. Lilikuwa na jina refu la kigeni kwenye kasha, lakini watu wa nyuma ya pazia waliliita Zamu. Hadithi yake ilikuwa hivi. Chombo kikubwa kinasafiri kati ya nyota, na ndani yake watu elfu tisa wamelazwa kwenye barafu. Mlinzi mmoja huamshwa kila baada ya miaka mia. Anafanya kazi ya siku moja: anakaza koki, anabadilisha taa, anazima moto ukitokea. Kisha anarudi kwenye sanduku lake la barafu, na miaka mia nyingine inapita.

Hakukuwa na zimwi. Fundi Bomba, jitu la mabega mapana lililokuwa likizibua mitaro ya nusu ya mji, alilingoja zimwi wiki mbili nzima. "Litatokea tu," alisema. "Haiwezekani korido zote hizi zikawa za bure." Halikutokea. Kulikuwa na korido, kulikuwa na sauti ya chombo chenyewe, tulivu kama ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu mtihani, na kulikuwa na dirisha moja ambalo nyota zake zilipungua kila zamu. Na kila mlinzi alipofumbua macho, kabla hajashusha mguu, sauti ile ilimuuliza: *Wewe ni yule aliyelala?* Majibu yalikuwa matatu, mchezaji achague. Ndiyo. Hapana. Sijui.

Watu wote walichagua Ndiyo. Nani asijijue?

Wateja wa kudumu wa pazia walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na saa yake moja tu ya kucheza, ingawa walipenda kupita kuchungulia saa za wenzao. Kinyozi alikuja asubuhi, kabla vichwa havijaanza kumiminika kibandani kwake. Muuguzi alikuja saa nane mchana akitoka kazini, bado na viatu vyeupe. Fundi Bomba alikuja jioni, ameshanawa mpaka kwenye viwiko kwa amri ya Shangazi. Shida ni kwamba gemu hilo lilihifadhi safari moja tu. Ukianza ya kwako, ya mwenzako inafutika.

"Nani kanifutia mlinzi wangu?" Kinyozi alipayuka siku moja, mikono kiunoni. "Nilishamfikisha zamu ya nne!"

"Mimi," alijibu Fundi Bomba, aliyekuwa mlangoni akinywa maji. "Lakini nilimwangalia kwanza kabla sijamfuta. Kaka, mlinzi wako alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Zamu nzima! Watu elfu tisa wanamtegemea, yeye kajibanza."

"Alikuwa anasikiliza."

"Alikuwa anatetemeka."

Shangazi aliacha kufuta pedi. Alikwenda kwenye kabati, akatoa daftari jipya la mistari, akachora safu nne kwa rula na kulitundika kwa uzi kando ya runinga ya sita.

"Kule kwenye pampu tulikuwa wanne," alisema. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, kwa sababu ya rovu, na watu walijizoesha kunyamaza ili waisikie. "Pampu hazikujua ni nani kaingia. Wala hakuna mhudumu aliyezima mtambo auanze upya eti kwa sababu yeye ndiye kafika. Unapokea pale mwenzako alipoishia. Unafanya. Unaandika. Unakabidhi. Anayetaka safari ya peke yake akatafute chombo chake."

Basi ikawa hivyo, na daftari likaanza kujaa.

Kinyozi, asubuhi: *Nimepokea mlinzi akiwa mzima. Korido ya pili haina taa. Nimesikia kitu nikarudi. Nimekabidhi.*

Muuguzi, saa nane: *Nimepokea. Hakuna kitu, ni bomba la hewa. Nimekabidhi.*

Fundi Bomba, jioni: *Nimepokea. Bomba hilo limeungwa vibaya, aliyelichora hajui kazi. Nimekabidhi.*

Shangazi mwenyewe hakucheza. Alisoma. Kila alipofunga milango alisoma safu za siku ile akitabasamu peke yake, na alikwenda nyumbani kwa dada yake mkubwa, waliyekuwa wakiishi pamoja, akiwa na moyo mweupe. Maisha yake yalikuwa yamekaa anavyotaka. Kama si lile limau la shingoni, asingekuwa na neno.

Zamu ya tisa ndipo chombo kilipobadilika. Muuguzi ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Mlinzi alifumbua macho, sauti ikauliza swali lake, akajibu Ndiyo. Zamani ingemkaribisha. Safari hii ilisema: *Ulipoamka zamu iliyopita ulifungua milango kwa bega. Iliyotangulia, uliifungua polepole na kuchungulia. Leo unapita katikati bila kutazama. Wewe si yule aliyelala.*

Muuguzi, ambaye kazini hushika vitu ambavyo wengine hawawezi hata kuvitazama, aliiweka pedi chini akajikuta anajifuta viganja kwenye sketi.

Walikubaliana kwamba ndivyo gemu lilivyo, kwamba kila mchezaji lazima aambiwe hayo ili atishike. Waliendelea hivyo mpaka akapita dereva wa lori, mteja wa siku moja, akaangalia juu ya bega la Fundi Bomba na kusema, "Ah, hili nalicheza nyumbani. Mbona lenu lina maneno hayo?"

"Lako linasemaje?"

"Linasema karibu tena. Zamu zote. Karibu tena, basi."

Walimwonyesha daftari. Dereva alisoma ukurasa, akasoma wa pili, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Jamani! Mnamlaza mmoja, mnaamsha mwingine! Chombo kinajua. Kinapima mikono yenu. Kumbe kina akili kuliko nyie." Alipomaliza kujipangusa machozi akaongeza, sasa bila kucheka, "Angalieni lakini. Kikishaamua kwamba mlinzi si mwenyewe, hakimwamshi tena. Kinafuta kila kitu, na watu wenu wote wanabaki kwenye barafu, safari haina mwisho."

Walikuwa wamekaa na safari hiyo miezi mitatu. Hakuna aliyetaka kumpoteza mlinzi.

Ni Shangazi aliyepata njia, na aliipata kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipita nyuma ya viti na pamba yake akiwatazama wote. "Lazima muwe mtu mmoja," alisema. "Mumchague mmoja, wengine mumfuate. Na kwa kuwa Kinyozi ndiye aliyepokea zamu ya kwanza, basi mlinzi ni Kinyozi."

Akaandika ukurasa mzima wa tabia za Kinyozi, kwa herufi zilizosimama wima. Mlinzi hugeuka nyuma mara mbili kabla hajaingia chumba. Mlinzi hapandi ngazi mbio. Mlinzi akisikia sauti husimama, huhesabu mpaka tano, ndipo hutembea. Mlinzi akikuta kiti katikati ya chumba hukizunguka kwa upande wa kushoto.

"Mimi nazunguka viti?" Kinyozi aliuliza.

"Siku nzima," alisema Muuguzi. "Ndiyo kazi yako, kaka."

Fundi Bomba alilalamika wiki nzima. "Yaani mimi, mwanaume ninayeingia mtaroni mpaka kidevuni, leo nifundishwe kuogopa ngazi?" Lakini alijifunza. Alikaa mbele ya runinga, ulimi nje kidogo kama mwanafunzi, akamwendesha mlinzi kwa woga mzuri kabisa wa kinyozi, akikizunguka kila kiti kwa kushoto. Zamu ya kumi na tatu, mlinzi alipoamka, chombo kiliuliza, Muuguzi akajibu, na sauti ikasema: *Karibu tena.*

Walipiga makofi. Wachezaji mpira wa runinga ya kwanza waligeuka kuona nani kafunga. Fundi Bomba alimwinua Kinyozi juu juu.

Shangazi alipiga makofi pamoja nao. Kisha alirudi mezani kwake, akachukua pedi namba nne, akaifuta, akaifuta tena, na baadaye akatambua kwamba ilikuwa safi tangu mwanzo.

Wazo lilikuwa limemwingia kama maji yanavyoingia nyufa. Watu watatu wasiofanana hata kucha, wamekuwa mtu mmoja kwa kufuata ukurasa wa daftari. Na mwenye kupima kapima, asione tofauti. Je, ukurasa wangu mimi ukoje? Huamka saa kumi na moja na nusu. Huvaa miwani kabla ya viatu. Hufuta pedi. Akisalimiwa hujibu kwa mkwaruzo. Mtu mwingine akiupata huo ukurasa, nani atajua? Na mtu mwingine huyo, yeye mwenyewe atajua?

Lingekuwa wazo la kupita, kama si barua ya hospitali. Rovu lilikuwa litolewe mapema mwaka ule. Mara ya kwanza Shangazi aliahirisha kwa sababu ya paa linalovuja. Mara ya pili alisema ana mafua, nayo mafua hayakuwepo. Sasa alikuwa akilala kwa mito mitatu ili apumue, na daktari alimwambia bila kuzungusha: "Mama, hili linaelekea kwenye koromeo. Likishabana, hatutakuwa na nafasi ya kuchagua siku." Siku iliyoandikwa kwenye barua ilikuwa Jumatatu baada ya wiki mbili. Angepigwa nusukaputi, alale, akatwe, aamshwe.

Alimwambia dada yake kwanza, asubuhi, wakiwa wanakunja mashuka yaliyoanuliwa, mmoja pembe hii na mwingine pembe ile.

"Unaogopa kisu," alisema Dada Mkubwa.

"Kisu sitakiona."

"Basi unaogopa kufa."

"Kufa kila mtu anakuogopa, hiyo si habari. Mimi naogopa kuamka."

Dada Mkubwa alisimamisha shuka hewani. "Kuamka!"

"Kwamba ataamka mtu. Ana sura yangu. Anajua miwani iko wapi, anajua chumba cha gemu kinafunguliwa saa ngapi. Anakuita dada, na wewe unamwitikia. Na mimi sipo tena. Wala hakuna atakayelia, kwa sababu hakuna atakayejua."

"Mbona kila siku unalala na unaamka?"

"Usingizi ni wangu, dada. Ninaota humo, ninajigeuza. Mtu akiniita, nasikia. Nusukaputi ni ya watu. Wanakuzima kama pampu."

Dada Mkubwa alilikunja shuka, akalilaza kitini, akalipiga kofi. "Huyo atakayeamka," alisema, "anajua kupika?"

"Dada!"

"Nauliza tu. Wewe mboga unaunguza miaka hamsini. Kama yeye anajua, mimi nampokea kwa mikono miwili."

Wote wawili walicheka, mpaka Shangazi akakohoa, akakohoa mno, na Dada Mkubwa akaacha kucheka. "Nenda ukatolewe hilo dude, mdogo wangu," alisema kwa sauti nyingine. "Mimi nitakuwa nje ya mlango."

Kesho yake saa nane mchana, Shangazi alivuta kiti nyuma ya pazia akakaa kando ya Muuguzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Eti wewe uko chumba gani kule hospitali?"

"Cha kuwaamshia waliopasuliwa. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Wanaamkaje?"

"Kila mtu na lake. Wapo wanaolia, wapo wanaotukana. Mmoja aliniposa, mkewe yuko pale pale." Muuguzi alisimamisha gemu. "Kwa nini, Shangazi?"

"Unajuaje kwamba ni walewale?"

Muuguzi alianza kucheka, kisha aliuona uso uliokuwa mbele yake na kicheko kikaishia njiani. Alikuwa mtu wa kusema kweli. Kazi yake ilimfundisha kwamba mgonjwa hunusa uongo kabla ya dawa. Aliilaza pedi mapajani.

"Sijui," alisema. "Namuuliza jina, analitaja. Naandika: ameamka, ametaja jina. Kipimo kingine sina, Shangazi. Nisikudanganye."

Shangazi alimshukuru. Lakini jibu hilo lilimkaa vibaya. Alhamisi kabla ya Jumatatu ile, alikuwa ameshaamua kupiga simu kuahirisha kwa mara ya tatu. Alikuwa amejiandikia hata la kusema, sababu ikiwa mgeni wa kutoka mbali ambaye hakuwepo. Angepiga kabla ya saa kumi, maana ofisi ya miadi ilifungwa saa hiyo.

Saa tisa na nusu walifika wote watatu kwa mpigo. Kinyozi alikuwa amefunga kibanda. Fundi Bomba alikuwa amemwachia mtu mtaro wazi. Ilikuwa zamu ya mwisho: chombo kilikuwa kimefika kwenye nyota kilikokuwa kikienda, na mlinzi alibakiza kuamka mara moja tu. Walikuwa wamepatana wasiicheze mpaka wote wawepo, na walipokuwapo wote wakaanza kugombana.

"Mlinzi ni mimi," alisema Kinyozi. "Mikono ni yangu."

"Mikono yako, lakini kazi nimefanya mimi. Nimekuwa wewe kuliko wewe ulivyo wewe," alisema Fundi Bomba. "Jana nimekizunguka kiti nyumbani kwangu. Mke wangu kaniuliza kama naumwa."

"Acheni utoto," alisema Muuguzi. "Tumwachie Shangazi."

Wote waligeuka. Shangazi alikuwa mezani, simu mbele yake.

"Mimi nazifuta," alisema. "Sizichezi."

"Wewe ndiye unayetujua wote watatu. Daftari lenyewe ni lako."

"Nina simu ya kupiga."

Muuguzi aliinuka kwenye kile kiti cha nyuma ya pazia, akasimama kando ya kiti. "Nimesimama, Shangazi," alisema. "Pokea zamu."

Watu wengine wasingeelewa kwa nini maneno hayo yalimwinua. Kule kwenye pampu ilikuwa sheria isiyoandikwa: mwenzako akishainuka kitini, kiti hakikai kitupu. Uwe unaumwa, uwe umefiwa, unakaa kwanza, unapokea, ndipo unatafuta mtu wa kukubadili. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuacha kiti kitupu. Alikwenda, akakaa, akaweka miwani sawa.

Hakuna aliyewahi kumwendesha mlinzi vibaya kama yeye. Alimgongesha ukuta wa kushoto, akamgongesha wa kulia. Alisahau kugeuka nyuma. Kiti kilichokuwa katikati ya chumba alikiangusha. "Kushoto, Shangazi! Kushoto!" Kinyozi alikuwa anakufa. Lakini alipofika chumba cha mashine, kile ambacho wenzake walikuwa wakikipita haraka kwa sababu ya giza lake, Shangazi alimsimamisha mlinzi akaacha kugusa vitufe. Alikuwa anasikiliza. Zilikuwa pampu nne, na ya tatu ilikuwa na kitu kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Alimsogeza mlinzi kwa tabu, akatafuta koki, akaikaza kidogo, akasikiliza, akaikaza tena. Mngurumo ukasawazika.

*Unagonga kuta,* ilisema sauti ya chombo. *Hugeuki nyuma. Umesimama dakika nne mbele ya pampu ya tatu. Wewe si yule aliyelala.* Kisha kikauliza kama kilivyouliza siku zote: *Wewe ni yule aliyelala?*

"Ndiyo!" walisema watatu kwa pamoja. "Bonyeza Ndiyo! Kitafuta!"

Shangazi aliyatazama yale majibu matatu. Alijua miezi mitano ya watu iko kwenye kidole gumba chake. Lakini hakuwahi kuandika geji asiyoisoma, hata siku bosi alipomtaka aandike, na mtu wa namna hiyo akiulizwa swali hulijibu swali lenyewe. Alibonyeza Sijui.

Runinga ikawa nyeusi. Kinyozi alijifunika uso kwa mikono miwili. Fundi Bomba alisema neno ambalo siku nyingine lingemtoa nje.

Kisha sauti ikarudi gizani, taratibu. *Hata yule aliyelala hakujua. Nilimuuliza kabla hajalala mara ya kwanza, akasema hajui, akaenda kukaza koki.* Taa moja iliwaka korido ya mbali, kisha ya pili. *Pampu zote nne ziko sawa. Nakukabidhi watu wako.*

Na masanduku yakaanza kufunguka, elfu tisa, safu juu ya safu, na kila moja lilipofunguka taa yake iliwaka, mpaka nyuma ya pazia kukawa kweupe na wachezaji wa runinga nyingine wakaja kuchungulia.

"Miezi mitano," alisema Kinyozi kwa sauti ndogo. "Na miwili ya mwisho mnajifundisha kuwa mimi."

"Kumbe jibu ni sijui!" Fundi Bomba alikuwa amekasirika kweli kweli. "Sijui! Hilo mimi ninalo tangu shule ya msingi! Mngeniuliza!"

Walipotoka, bado wanabishana mpaka barabarani, Shangazi aliifuta pedi. Kisha alivuta daftari, akaandika jina lake kwenye safu kwa mara ya kwanza. *Nimepokea. Pampu ya tatu ilikuwa na hewa, nimeitoa. Watu wote elfu tisa wameamka. Sijakabidhi kwa mtu, kazi imekwisha.* Alipiga mstari kwa rula. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi kwa dakika kumi na tano, na simu ilikuwa pale pale alipoiacha. Aliitia mfukoni.

Hofu haikumwisha. Jumatatu ilipofika alikwenda nayo hospitali, kama mtu anavyokwenda na mwavuli. Dada Mkubwa alikaa nje ya mlango kama alivyoahidi, akiwa na chupa ya chai na maneno kwa kila aliyepita. Ndani, daktari wa usingizi alimwambia ahesabu. Shangazi alihesabu moja, mbili, akiangalia taa kubwa ya juu, akijiambia kwamba atakayekaa kwenye kiti hiki atakikuta hakina deni la kazi, kila kitu kimeandikwa. Tatu hakuifikia.

Aliamka. Hakukuwa na korido. Kulikuwa na dari yenye doa la maji, koo lililokauka kama karatasi, na uso wa Muuguzi ukimwinamia, umevaa barakoa, macho yanacheka. "Jina lako nani, mama?" Akalitaja lote, mpaka la babu. Muuguzi akaandika.

Siku mbili alikatazwa kusema. Alipewa kalamu na karatasi, na Dada Mkubwa alisema nyumba haijawahi kuwa tulivu hivyo. Kitanda cha pili kilikuwa na mwanamke mnene mwenye kanga mbili mabegani, aliyekuwa apelekwe kupasuliwa asubuhi inayofuata. Mchana kutwa alikuwa akigeuka huku na huku, akiitazama bandeji ya Shangazi. Mwishowe akauliza:

"Samahani, dada yangu. Ukilala ile dawa yao... ukiamka inakuwaje?"

Shangazi alichukua karatasi. Alifikiri kwa muda, maana hakutaka kuandika asilolisoma. Kisha aliandika mstari mmoja kwa herufi zake za kusimama wima, akamnyooshea.

Mwanamke aliusoma, akausoma tena. *Unaamka una kiu.*

"Basi?" aliuliza.

Shangazi alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kwa ajili ya nyuzi za mshono. Basi.

Mwanamke yule aliikunja ile karatasi. Halafu akamwita mhudumu aliyekuwa akipita na ndoo, akamwomba kesho asisahau kumwekea bilauri ya maji hapo, hapo hapo, mahali ambapo mkono wake utafika.